Vipandikizi vya Meno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi hufika kwa daktari wa meno wakiwa tayari wameamua: "Nataka meno ya kupandikiza." Maswali wanayopaswa kuuliza kabla ya uamuzi huo huja baadaye, wakati mwingine baada ya pesa kulipwa. Hapa tumekusanya yanayorudi zaidi, ya msingi yakitangulia na ya hali za pekee yakifuata. Palipo na jibu linalogusa swali jingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Kipandikizi cha jino ni kitu gani hasa?

Ni mzizi wa kutengenezwa. Ni skrubu ndogo ya titani, yenye unene wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 12 hivi, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya pale jino lilipokuwa. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio hukaa krauni, yaani kofia yenye umbo na rangi ya jino. Ukicheka, watu wanaona krauni peke yake.

Vipo pia vya zirkonia, aina ya kauri nyeupe, kwa mtu asiyetaka metali kinywani. Lakini titani ndiyo iliyofuatiliwa kwa miaka mingi zaidi.

Mfupa unakubalije kushika chuma?

Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu. Alipotaka kuvitoa, vilikataa. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006, na meno yale bado yalikuwa yakifanya kazi.

Titani hujivika utando mwembamba wa oksidi ambao mwili hauupigi vita. Chembe hai za mfupa hukua hadi kuugusa, bila kuacha nyama laini katikati. Kwa hiyo hakuna gundi wala saruji inayoshikilia kipandikizi ndani ya taya. Ni mfupa wako mwenyewe. Ukilielewa hili, majibu mengi ya hapo chini yatakuwa rahisi, kwa sababu karibu kila tatizo la kipandikizi ni tatizo la mfupa au la fizi.

Kina tofauti gani na daraja au meno ya kuvaa na kuvua?

Daraja hushikilia jino la bandia kwa kuegemea meno mawili ya jirani, na ili liegemee, meno hayo huchongwa. Kama jirani tayari yameharibika na yanahitaji krauni, daraja ni chaguo zuri tu. Kama ni mazima, ni hasara kuyachonga. Meno ya kuvaa ni nafuu kuliko yote na hayahitaji upasuaji, ila hukalia fizi, hucheza mtu anapotafuna, na mfupa ulio chini yake huendelea kupungua. Kipandikizi hakigusi jirani na husaidia kuutunza mfupa, lakini kinataka upasuaji, muda na fedha.

Ni lazima kuziba kila pengo?

Hapana, na daktari akikuambia kila pengo lazima lizibwe, muulize sababu. Gego la mwisho likitoka, watu wengi hutafuna vizuri miaka yote bila hilo. Jino la busara halirudishiwi. Pengo lenye haja kubwa ni lile linalokuzuia kutafuna, linalokufanya ufunike mdomo unapozungumza, au ambalo meno ya jirani yameanza kulilalia.

## Kabla ya kung'oa chochote

Jino langu limeoza sana. Si afadhali ling'olewe niwekewe kipandikizi?

Uliza kwanza kama linaweza kutibiwa mzizi na kuvikwa krauni. Jino la asili limeshikwa na nyuzi hai zinazokujulisha ukiuma punje ya mchanga kwenye wali. Kipandikizi hakina hisia hiyo. Tunasema hili kwa msisitizo kwa sababu tumeona matangazo yanayosifu kipandikizi kama kitu bora kuliko jino. Ni mbadala bora wa jino *lililokwisha kupotea*. Jino linaloweza kuokolewa, liokolewe.

Kama limepasuka hadi mzizini, au limebaki kigutu kisichoweza kubeba krauni, hapo kulitoa ni haki yake. Mweleze daktari *kabla ya kung'oa* kwamba unafikiria kipandikizi, ili alitoe bila kuvunja kuta za mfupa. Sababu iko kwenye swali la mfupa usiotosha.

Nimekulia Arusha na meno yangu yana rangi ya kahawia. Niyatoe yote niweke vipandikizi?

Usifanye hivyo, tafadhali. Rangi hiyo husababishwa na madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji uliyokunywa utotoni, wakati meno yakijengwa. Maeneo ya Meru, Kilimanjaro na Bonde la Ufa yana vyanzo vingi vinavyopita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Doa liko kwenye ganda la nje, na mara nyingi mizizi na mfupa havina kasoro. Daktari anaweza kusugua tabaka la juu, kung'arisha, au kuvika ganda jembamba la kauri. Kung'oa meno yenye mizizi imara kwa sababu ya rangi ni kupoteza kitu kisichorudi.

Chonge zangu hazikuota. Mama anasema nilitolewa "meno ya nailoni" nikiwa mchanga. Kipandikizi kitafaa?

Swali hili linaulizwa na watu wengi waliozaliwa kuanzia miaka ya 1980, Tanzania na Uganda. Mtoto akiharisha au kupata homa, vivimbe vya kawaida vya chonge kwenye ufizi vilidhaniwa kuwa ndiyo ugonjwa, vikachokolewa bila ganzi. Chombo kilichotoa chonge ya utotoni mara nyingi kiliharibu na chipukizi la chonge ya ukubwani lililokuwa chini yake.

Ndiyo, kipandikizi kinawezekana, ila pigwa picha kwanza. Wakati mwingine chonge ya ukubwani ipo, imelala ndani ya mfupa, na inaweza kuvutwa kwa waya. Kama haipo kabisa, mfupa wa hapo huwa mwembamba na huenda ukahitaji kuongezwa. Na ikiwa una mtoto mchanga nyumbani, usikubali mtu amguse fizi kwa sababu hii. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi na kituo cha afya.

Mzee wetu alitolewa meno ya mbele ya chini kimila. Anaweza kuwekewa sasa?

Anaweza. Wazee wa Kimasai wasio na meno mawili ya chini katikati, au Wajaluo waliotolewa sita, hawazuiliwi na umri. Kinachoangaliwa ni mfupa uliobaki baada ya miaka mingi na afya yake kwa jumla. Lakini muulizeni mwenyewe kama anataka. Mara nyingi wanaosumbuliwa na pengo hilo ni watoto wake.

## Nani anafaa, nani asubiri

Nina kisukari. Nimekataliwa?

Hujakataliwa. Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii mfupa kushika. Kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi. Kipimo muhimu ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 8 kabla ya kupasua. Kipimo cha asubuhi moja hakitoshi.

Ninaishi na VVU. Je?

Mtu anayemeza ARV vizuri, virusi vikiwa vimefubazwa, anaweza kuwekewa kipandikizi kama mwingine yeyote. Mweleze daktari dawa unazotumia ili zisigongane na atakazokuandikia. Daktari anayekufukuza kwa sababu hii peke yake hajui kazi yake.

Navuta sigara, natafuna miraa, mara mojamoja tambuu. Lazima niache?

Sigara ndiyo mbaya zaidi: hubana mishipa midogo ya damu, na kwa mvutaji hatari ya kipandikizi kushindwa hukaribia mara mbili ya asiyevuta. Ukishindwa kuacha kabisa, acha angalau wiki moja kabla na wiki nane baada ya upasuaji. Tumbaku ya kutafuna, ugoro na tambuu huchoma ufizi ule ule tunaotaka upone. Miraa, kwa kuwekwa shavuni upande mmoja saa nzima, hukwangua kidonda na kukausha mdomo. Iepuke hadi nyuzi zitolewe na daktari aridhike.

Dawa gani ni lazima nizitaje?

Zote, hata za mitishamba. Tatu zinahitaji uangalifu wa pekee.

Kwanza, dawa za kuimarisha mifupa. Mgonjwa wa saratani anayechomwa asidi ya zoledroniki au denosumabu yuko katika hatari ya mfupa wa taya kufa baada ya kupasuliwa, na kwa kawaida hawekewi kipandikizi. Vidonge vya alendroneti kwa udhaifu wa mifupa vina hatari ndogo zaidi, lakini daktari lazima ajue na muda uliovitumia. Pili, dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini: *usiziache mwenyewe*. Kiharusi ni kibaya kuliko damu kidogo ya ufizi. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, hufanywa karibu na siku ya upasuaji, na madaktari wawili huzungumza. Tatu, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, kama steroidi za muda mrefu.

Ulipigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo? Kama taya lilipata zaidi ya grei 50 (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi), hatari ya mfupa kufa ni kubwa, na uamuzi huo ni wa hospitali kubwa, si wa kliniki ya mtaani.

Vipi kuhusu mimba?

Subiri ujifungue. Hakuna haraka ya kipandikizi inayostahili dawa na picha za eksirei wakati wa ujauzito.

Mwanangu ana miaka 14 na amevunjika jino la mbele mpirani. Awekewe lini?

Si sasa. Kipandikizi hakisogei na taya linapokua: meno ya jirani yatashuka, chenyewe kitabaki juu, na baada ya miaka michache jino lake litaonekana fupi na limezama. Kwa kawaida husubiriwa hadi miaka 18 hivi kwa msichana na 20 au 21 kwa mvulana. Kwa sasa avae jino la muda, au daraja la kugandishwa upande mmoja bila kuchonga.

Kama jino limeng'oka zima *leo*, acha kusoma hapa. Lishike kwa kichwa, si kwa mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake au litie kwenye maziwa, na mkimbize kwa daktari ndani ya saa moja.

## Upasuaji wenyewe

Inauma?

Wakati wa kazi, hapana. Unapigwa ganzi kama ya kung'oa jino, na wengi husema kung'oa kulikuwa kugumu zaidi. Utasikia mtetemo na maji. Maji hayo ni muhimu: mfupa ukipashwa moto hadi nyuzi 47 za sentigredi kwa dakika moja hufa, kwa hiyo daktari hutoboa polepole, kwa hatua, huku akipoza. Ganzi ikiisha utasikia maumivu na uvimbe kwa siku mbili tatu. Maumivu yanayoongezeka siku ya nne badala ya kupungua si ya kawaida, rudi.

Mbona inachukua miezi?

Kwa sababu mfupa haufuati ratiba ya mtu. Taya la chini ni gumu na huhitaji miezi 2 hadi 3 hivi. La juu ni laini na huweza kufika miezi 4 hadi 6. Nyuso za kisasa za vipandikizi zimefupisha muda kwa baadhi ya wagonjwa. Ikiwa mfupa umeongezwa, jumlisha miezi mingine. Hutakaa na pengo la mbele wakati wote huo. Utapewa jino la muda.

Lakini nimeona tangazo la "meno mapya siku moja".

Lipo jambo la kweli ndani yake. Kipandikizi kikikaza sana kwenye mfupa siku ya kwanza, kwa nguvu ya Ncm 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza skrubu) au zaidi, kinaweza kufungwa jino la muda siku hiyo hiyo, ambalo kwa jino moja hupunguzwa kidogo ili lisigongane na la upande wa pili. Jino la kudumu bado husubiri. Anayeahidi siku moja kabla hajaona picha yako anauza tangazo.

Nimeambiwa mfupa hautoshi. Kwa nini, na kinafanywa nini?

Jino likitoka, taya halina tena kazi mahali pale na mfupa huliwa. Ndani ya mwaka mmoja upana wa mfupa hupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Aliyekaa na pengo miaka 15 ana ukingo mwembamba usioweza kuizunguka skrubu.

Hapo mfupa huongezwa, ama kwa kipande kutoka sehemu nyingine ya taya lako au kwa unga maalumu unaofunikwa na utando. Kwa magego ya juu tatizo huwa sainasi, ule uwazi wa hewa pembeni mwa pua, ambao hushuka meno yakitoka. Daktari huinua sakafu yake na kujaza unga chini. Baada ya hapo usipenge kwa nguvu wiki mbili, na ukipiga chafya fungua mdomo.

Picha inayofaa kwa uamuzi huu ni skani ya pande tatu. Eksirei bapa haionyeshi upana. Kwenye taya la chini, skani hiyo ndiyo inayoonyesha pia njia ya mshipa wa fahamu, ambao kipandikizi kinapaswa kukaa mbali nao angalau milimita 2.

Huo unga wa mfupa unatoka wapi? Una nguruwe?

Uliza, una haki ya kujua, na daktari asikuone msumbufu. Unga unaotumika sana hutokana na mfupa wa ng'ombe uliosafishwa hadi kubaki madini tu. Upo wa binadamu aliyejitolea mwili, na upo wa kutengenezwa kabisa maabara. Ule *utando* unaofunika ndio ambao mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwa Mwislamu na kwa Mhindu zipo njia mbadala: mfupa wako mwenyewe, unga wa maabara, utando wa kutengenezwa au, kwa Mwislamu, wa ng'ombe. Sema mapema, kwa sababu vifaa huagizwa.

Nifanye mwezi wa Ramadhani?

Hakuna dharura hapa, kwa hiyo panga baada ya Idi. Siku za mwanzo zinataka dawa kwa saa zake, maji ya kutosha na chakula laini mchana. Na wakati wowote ukifanyiwa, siku ya kwanza usisukutue kwa nguvu unapotawadha, maana donge la damu linalolinda kidonda hung'oka. Weka maji mdomoni na uyaache yatoke yenyewe.

## Kuishi nacho

Nitakula muwa na mahindi ya kuchoma?

Baada ya krauni ya kudumu, mahindi ndiyo. Muwa, menya kwa kisu. Hata meno ya asili hayakuumbwa kwa kumenya gamba lile. Usifungue soda wala usivunje mfupa wa nyama choma. Anayesaga meno usingizini avae kinga ya usiku, la sivyo atavunja kauri au kulegeza skrubu.

Hakiozi, basi kwa nini nikisafishe?

Hakiozi, ila ufizi unaokizunguka huugua. Utando wa uchafu ukikaa, ufizi huvimba na kutoa damu. Hatua hii hurudi nyuma kwa usafi. Ukiachwa, uvimbe hushuka na kuula mfupa, na huo hauna tiba ya uhakika. Piga mswaki mara mbili kwa siku, pitisha uzi au brashi ndogo kati ya meno, na fika kwa daktari kila miezi sita. Mswaki wa mti unafaa kwa nyuso za nje, lakini haufiki katikati. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi atibiwe fizi *kwanza*, kwa maana ugonjwa ule ule utakifuata kipandikizi.

Kinadumu miaka mingapi?

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 huonyesha takriban vipandikizi 95 kati ya 100 bado viko kinywani. Krauni ya juu huchakaa mapema na inaweza kubadilishwa bila kugusa skrubu.

Meno ya bandia ya bibi yanacheza sana. Anahitaji vipandikizi vingi?

Huenda viwili tu. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, vipandikizi viwili vinavyokaza meno ya kuvaa ndiyo matibabu ya kwanza ya kufikiriwa. Bibi huyavua na kuyaosha kama kawaida, ila hayaruki tena anapotafuna. Kwa anayetaka yasiyovuliwa, ipo njia ya vipandikizi vinne kwa taya zima, iliyoenezwa na daktari Paulo Malo wa Ureno. Ni ghali zaidi na kuisafisha kunahitaji mikono isiyotetemeka.

## Fedha na daktari

Kwa nini bei zinatofautiana hivyo?

Kwa sababu hawataji kitu kimoja. Mmoja anataja skrubu tu, mwingine anajumlisha skani, kiungio, krauni na ziara za baadaye. Omba mchanganuo wa maandishi, wenye kusema pia nani analipa kipandikizi kisiposhika. Kuhusu bima, skimu nyingi hulipia kung'oa na kuziba, si kipandikizi. Pata jibu lao kwa barua kabla ya kuanza.

Nitamjuaje daktari wa kweli?

Tafuta jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, la Zanzibar, au KMPDC kwa Kenya. Kisha muulize amefundishwa wapi kazi ya vipandikizi na nani atakuona tatizo likitokea. Anayechukia maswali haya, mshukuru uondoke.

Ndugu yangu anasema India au Uturuki ni nafuu. Niende?

Kazi nzuri hufanyika huko, na wengine wameridhika. Hesabu safari mbili, si moja, na fikiria nani atakuona mwezi wa nane ukipata uvimbe ukiwa Tanga. Kokote utakakofanyiwa, *usiondoke bila kadi ya kipandikizi*: kampuni, aina, unene, urefu na namba ya toleo. Kila kampuni ina skrubu na bisibisi zake. Bila kadi, daktari wa nyumbani anaweza kushindwa hata kukaza kilicholegea.

## Hali za pekee

Naweza kupigwa picha ya MRI? Na uwanja wa ndege?

Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo MRI ni salama; picha ya eneo la mdomo tu huweza kuwa na kivuli. Meno ya kuvaa yanayoshikwa kwa sumaku yavue kwanza, na mjulishe mpiga picha kama kuna sumaku au kishikizi chake kilichobaki kinywani. Uwanja wa ndege hautalia kwa sababu yake.

Nina siko seli.

Si marufuku, lakini mtaalamu wako wa damu ahusishwe kabla. Maambukizi, kiu na wasiwasi huweza kuamsha maumivu makali, kwa hiyo miadi iwe mifupi, ya asubuhi, na maji yanywewe vya kutosha.

Kinacheza nikikigusa.

Kuna mambo mawili tofauti. Ikiwa krauni ndiyo inayocheza, skrubu yake imelegea na hukazwa kwa dakika chache. Usiendelee kuitafunia, itavunjika. Ikiwa kipandikizi chenyewe kinazunguka ndani ya mfupa, hakikushika, na hutolewa. Mfupa ukipona, baada ya miezi kadhaa mara nyingi huwezekana kuweka kingine.

Ganzi imeisha jana lakini mdomo wa chini na kidevu bado vimekufa ganzi.

Piga simu sasa, usisubiri miadi. Huenda kipandikizi kinabana mshipa wa fahamu, na kukitoa au kukirudisha juu ndani ya saa 24 hadi 36 za mwanzo ndiko kunakoupa mshipa nafasi nzuri ya kupona. Ukiambiwa kwa simu "itaisha yenyewe", nenda ukaonwe hata hivyo, na uombe skani ipigwe siku hiyo hiyo.